Inaua Kelele

Simu ya kwanza ilizama kwenye oili ya gia.
Ya pili niliilalia chini ya Skania,
ikapasuka kifuani kama yai viza.
Hii ya tatu naibana kati ya bega na shavu,
mikono yote miwili iko kwenye gurudumu,
na shingo, tangu Februari, imekataa kunyooka.
"Nunua ile ya sikioni," Anyisile akasema,
"wateja watadhani umekuwa mchungaji."

Basi Jumamosi, sabuni ya unga hadi viwiko,
nikashuka Mwanjelwa.

Kijana wa duka, Lugano, ana kucha safi
hadi nikazificha zangu mfukoni.
Akatandika kitambaa cheusi juu ya kioo,
akapanga mali yake kama daktari wa meno apangavyo koleo.
Hii ya kuzunguka shingo:
nikauona mkanda wa feni ukiikamata,
na mimi nyuma yake.
Hizi pacha, ndogo kama maharage:
moja ikitumbukia, nitafungua injini ya mtu
kutafuta sikio langu?
Na nikiziba yote mawili,
nani atasikia jeki ikilalamika kabla haijateleza?
Chini ya lori, mdogo wangu, sikio ndilo jicho.

Akatoa ya bei, boksi lake lina sumaku.
Ya sikio moja, kijiti cha kusemea kinafuata taya.
"Chaji siku mbili. Jasho haliiwezi. Na hii,"
akainama kama anayetaja dawa ya siri,
"inaua kelele."
"Zipi?"
"Zote. Piga ukiwa gereji, wa upande wa pili
atadhani uko kanisani siku ya Jumanne."
Laki na ishirini. Nikaziweka mezani kama rehani:
nikiichukia, nairudisha.

Jumatatu, Uyole, baridi ya Julai imeganda kwenye spana,
niko chini ya Fuso lililoshindwa Mlima Nyoka.
Anyisile anagonga springi,
jenereta la mchomeaji linakohoa,
sikio likalia. Mama, kutoka Lwangwa.
"Ugonile, mama."
"Ndaga." Akanyamaza. "Uko wapi?"
"Kazini."
"Kazi gani hiyo isiyo na mlio?"
Nikacheka. Hakucheka.
"Ambilikile, usinifiche. Umelazwa?"
Nikaigonga chesisi kwa spana, mara tatu,
sikiliza, mama, sikiliza,
na kile kijiti kikazimeza zote tatu,
kikampelekea sauti yangu peke yake,
imeoshwa, imenyooshwa,
kama ya marehemu kwenye kanda.

Miaka tisa mama hajaniuliza kama nimekula.
Ilinijia pale pale, grisi ikinidondokea shavuni.
Husikia nyundo, akajua.
Nyundo mbili: nimeazima fundi, mambo yamechanganya.
Kimya, kama wiki ile ya mvua kubwa:
mkungu wa ndizi ukaja na basi la asubuhi
na hakuna aliyekuwa ameuomba.

Jumanne kondakta akanipigia, kuna mzigo wako.
Mkungu, wa haja, wa kubebwa na watu wawili,
umefungwa karatasi kwa kamba ya mgomba:
AMBILIKILE. MGONJWA.

Nilipeleka vichane viwili kwa Lugano, pamoja na boksi lake.
"Ina kasoro gani?"
"Haina."
Akakuna kichwa kwa zile kucha.
Nikachukua ya elfu kumi na nane, ya sikio moja,
iliyokuwa inaning'inia nyuma ya makava.
Inakwaruza. Saa kumi jioni chaji imekwisha.
Haiui hata nzi.

Alipopiga tena, Anyisile alikuwa anapambana na boliti yenye kutu,
anaitukana kwa kila pigo.
Nikabonyeza kitufe kwa kiwiko.
"Umepona," akasema mama.
Nilikuwa sijasema neno.