Kumi na Tisa, Kafuta

Miaka mitatu tuliliziba kwa sabuni ya mche,
kidole gumba kinakandika, dizeli inachuruzika pembeni.
Mpaka Nyabise, pale mwaloni Kirumba,
akanusa tenga letu, akarudisha hela kifuani:
Dagaa hawa wamelewa.

Fundi Bulugu akaligonga kwa kifundo cha kidole,
akasikiliza.
Kutu haishoneki. Ng'oeni.

Ng'oeni! Boti lilijengwa kulizunguka tangi,
kama mji huu ulivyoyazunguka majabali yake.
Tukaikata sitaha ya baba kwa msumeno,
mvule ukatema unga, tukapiga chafya
kama tumekutwa tunaiba.

Chini ya ubao, penseli yake:
kumi na tisa, kafuta.
Ishirini na moja, kafuta.
Kisha, kwa mkono uliochoka: basi.

Kumbe na yeye alikuwa anakisia,
yeye aliyetuchapa fimbo kwa hesabu za kutoa.

Tangi jipya ni la plastiki, la bluu,
ukiligonga halina la kusema.
Tumeliweka palepale palipoandikwa basi.
Linacheza inchi mbili.
Tumelibana kwa kandambili.