Kwa Atakayepokea Funguo

Iselin,
funguo ni tatu; ule wenye kutu ndio unaofungua kila kitu.
Hapa Tromsø, tangu mwisho wa Novemba,
jua halichomozi, linapita chini ya milima
kama mdeni akwepaye mlango wa duka.
Utauzoea usiku huu wa wiki nyingi,
au hutauzoea, na bado utafika alfajiri
ukipapasa kitasa kwa glavu.

Chumba cha saba hakina dirisha.
Mchana wake tunauwasha sisi.
Shayiri iliyomo haijui kwamba ni Desemba
na si kazi yako kuiambia.
Usiwashe taa zote kwa mpigo:
anza na safu ya ukutani, hesabu mia, kisha ya kati.
Taa huleta mwanga na joto katika gunia moja.
Wewe ni wa kupembua:
mwanga ubaki,
joto lisindikizwe nje kabla halijaketi.

Chumba cha nne paa lake ni kioo.
Kule hatuamuru. Tunabembeleza.
Wingu moja la Machi likijitenga na jua
mashine hushtuka, hupuliza baridi,
wingu likirudi hujuta, hupuliza joto,
na stroberi katikati, kama mtoto
wa wazazi wasioelewana.

Nikwambie kosa langu, maana halimo katika daftari.
Mwaka ule nilitundika kipimajoto cha chumba cha nne
kwenye msumari uliokuwa karibu. Basi. Ulikuwa karibu.
Jua likakilamba. Kikasema ishirini na nne.
Mashine, mtumwa mwaminifu, ikamwaga ubaridi
mpaka kipimajoto kikaridhika.
Kwenye karatasi mstari ulinyooka
kama uzi wa fundi mwashi.
Majani yakawa ya zambarau pembeni, yakajikunja.
Bwana Hauglid akalaumu mbegu.
Mbegu zikabadilishwa. Nazo zikajikunja.
Wiki tatu, Iselin,
wiki tatu tukiamini karatasi
na kuyaita majani waongo.

Siku moja kalamu ilinidondoka.
Nikainama kuitafuta chini ya meza za miche,
shavu langu likapita kati ya majani
na likakuta majira ya baridi yamejificha humo,
yamekaa kimya, yanakula.

Kipimajoto hakikudanganya.
Kilijibu swali nililokiuliza:
jua linakupataje?
Sikukiuliza kuhusu hewa.

Ndiyo sababu ya kile kibomba cha bati
kilichopakwa rangi nyeupe, usawa wa majani,
chenye feni ndogo inayovuta hewa ipite.
Pima kivulini. Pima hewa inayotembea.
Pima pale mche ulipo, si pale msumari ulipo.

Torgeir wangu, mwaka uleule,
kila asubuhi nilimuuliza hali
akiwa kitini mwake dirishani, jua limemjaa usoni.
"Salama," alisema, na uso ulikuwa mwekundu kweli.
Nikaenda kazini.
Mficha maradhi, wahenga walisema,
lakini yeye hakuficha. Mimi ndiye niliyeulizia juani.
Sikuwahi kumuuliza gizani, saa tisa usiku,
mgongo wake ukiwa umenigeukia.

Hayo tuyaache.

Mlango wa saba ufunge kwa kiuno, unakwama.
Usikae ndani ukizungumza na simu:
pumzi yako nayo ni hali ya hewa,
mimea huihesabu, na Bwana Hauglid pia.
Birika ni la wote, sukari ni yangu, nakuachia.
Maji ya unyevunyevu badilisha kila Jumatatu,
yakichelewa utaona chumvi nyeupe kwenye majani,
utadhani ni ugonjwa, si ugonjwa.

Usiku utaisikia ile feni ya kibomba
ikilia kidogo, kama mbu aliyezeeka.
Watakwambia uitie mafuta. Iache ilie.
Ikinyamaza,
kimbia.