Mzigo Usioulizwa Jina

Saa nane za usiku, Brno. Theluji ya Februari
imefukia reli za tramu, na mimi niko jikoni
kwa kuwa redieta ya chumbani imekufa tangu Jumanne.
Mbele yangu mistari mia tatu na kumi na miwili
ya msimbo nilioandika mwenyewe, miaka sita iliyopita,
nikiwa na nywele nyingi na mashaka machache.

Kazi ya kiendeshi hiki ni ndogo, ukiieleza upesi:
kimekaa ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo,
mdomoni mwa handaki. Pakiti ikifika
kinaivua koti la nje,
kinakung'uta baiti nane za kichwa,
kisha kinaisukuma: haya, nenda.

Nenda wapi?
Niliandika, kwa mkono huu huu,
kwamba kila kilichomo ni fremu ya Etheneti.
Mwaka ule hakuna aliyeleta kingine.
Ndani ya kichwa kile zimo baiti mbili
ambapo mzigo hutaja jina lake,
nami niliziruka, kama karani anayeruka
jina la mgeni kwenye orodha kwa kuwa halitamkiki.

Sasa juu ya mlima Praděd
kuna kituo cha hali ya hewa, kipya, cha Oktoba.
Hakina anasa ya fremu. Kinatuma pakiti tupu
ya IP, toleo la sita: kasi ya upepo,
kina cha theluji, nyuzi chini ya sifuri,
kila dakika, kwa adabu.
Na kila dakika kiendeshi changu kinasoma
anwani ya mtu kana kwamba ni namba ya kadi,
hakioni kichwa wala mkia, kinatupa.
Hakigombi. Hakiandiki popote,
ila kaunta moja inapanda gizani:
elfu arobaini na moja, mia mbili na tisa.
Akufukuzaye hakwambii toka.

Bedřiška, anayenikagulia kazi kutoka Olomouc,
alirudisha jaribio la kwanza na mstari mmoja:
"Umeongeza dhana ya pili. Ondoa ya kwanza."
Nilikasirika hadi nikaosha vyombo.

Nikiwa na povu mikononi nikamkumbuka mama mkwe.
Bi Nhàn ana duka la maua huko Cheb.
Hupiga simu Jumapili, Kivietinamu
kimefungwa ndani ya Kicheki cha sokoni,
na mimi hupokea Kicheki tu;
kilichobaki nakiitikia ndiyo, ndiyo,
kisha nampa Diệp simu.
Miaka kumi na mmoja. Hiyo haina kaunta.
Jumapili iliyopita alisema jambo refu,
sauti ikapanda mwishoni. Nikasema ndiyo.
Akanyamaza kidogo, akacheka.

Basi nafuta. Naandika upya:
soma jina kwanza.
Ikisema fremu, ipite mlango wa fremu.
Ikisema toleo la nne, au la sita, iende moja kwa moja,
isivishwe kofia isiyo yake.
Na ikitaja jina nisilolijua
(hapa vidole vilisimama muda mrefu)
itupwe, ndiyo, siwezi kulaza kila mgeni,
lakini iandikwe: ilitoka wapi, ilijiitaje.

Saa kumi na dakika ishirini kaunta imesimama.
Praděd: upepo mita kumi na tisa kwa sekunde,
theluji sentimita mia moja na nne.
Nazisoma tarakimu hizo kwa sauti, peke yangu, kama barua.

Diệp anaingia na soksi za sufu, macho nusu.
Namuuliza: mama alisema nini Jumapili?
"Si ulimjibu? Aliuliza kama aje kukaa nasi
hadi mwisho wa Machi. Nilidhani umeelewa.
Treni yake inaingia saa nne asubuhi."

Nikaiangalia redieta.