Koti la Mama

Mama alishuka nalo Embakasi, mwaka wa sabini na nne,
manyoya hadi kwenye ndewe za masikio,
jasho likimtiririka.
Baba, injinia mpya wa maji, akamwambia kwa Kirusi:
Hapa hutalihitaji.
Miaka sita ya Voronezh ilikuwa imemsahaulisha Julai.

Kila Julai, ukungu ukilala juu ya michongoma ya Woodley hadi saa nne,
Mama alilivaa kwenda kununua maziwa.
Watoto wa mtaa walimpokea kwa kelele: Dubu! Dubu!
Sisi watatu tulikuwa hatua kumi nyuma yake,
tukijifanya watoto wa watu.

Sasa injinia hayupo, na maji hayapo.
Galina humngoja Kasyoka na mkokoteni wake,
mitungi sita, shilingi hamsini kila mmoja,
akaihesabu kama atakayedaiwa mbinguni.
Gereji tumempa kinyozi.
Chumba cha kulia analala mwanafunzi wa uuguzi
anayekohoa kwa adabu.
Upande wa mashariki limeota jengo la orofa kumi na nane;
jua letu la asubuhi siku hizi hukausha nguo za wengine.
Kinanda kiliuzwa mwaka juzi.
Bado tunapita tukikizunguka.

Pavel ana miaka arobaini na tisa. Husema "nikifika Voronezh"
vile wengine wasemavyo "mvua ikinyesha".
Anavijua vituo vya tramu, kimoja baada ya kingine,
jinsi Mama alivyomtajia akimwogesha.
Siku moja nilimwambia tramu ziling'olewa zamani.
Alinyamaza siku tatu.
Ya nne akasema: "Nitatembea kwa miguu."

Galina, yeye ni Edmonton. Fomu, picha nane za pasipoti,
cheti cha polisi kilichokwisha muda, akakiomba tena.
Na mimi, Zoya Mkawasi, kitinda mimba?
Nilitaka mmoja wao aondoke tu,
nijue kama mlango huu hufunguka kwa nje.

Mkaa bure si sawa na mtembea bure, walisema.
Hawakutuambia lolote kuhusu mngoja bure,
achokaye kuliko wote.

Ikaja barua: Galina apimwe kifua na damu, gharama ni yake.
Tulitazamana mezani. Hakuna aliyelitaja koti.
Asubuhi nilimkuta analishindilia kwenye gunia la unga.

Gikomba, mwenye kibanda aliyapuliza manyoya,
nondo wawili wakaruka.
"Kola imeliwa," akasema. "Na nani atavaa dubu?"
Dubu.
Galina alikohoa kama mpangaji wetu.

Aliyelinunua alikuwa akipita tu, mama wa kabichi,
hushusha lori Wakulima saa tisa usiku.
Alilivaa palepale, juu ya leso mbili,
akainua mikono kama anayepokea gunia,
akaitikia kwa kichwa: linatosha.
Kabla ya kutulipa alipapasa mifuko,
akanirudishia kikaratasi.

Nilidhani ni tiketi ya tramu.
Ilikuwa risiti, wino umepauka:
maziwa paketi mbili, mkate, duka la Toi,
Julai ya mwisho ya uhai wake.

Jioni Pavel alisimama nyuma ya mlango, mbele ya msumari mtupu.
"Mfukoni mlikuwa na kitu?"
"Tiketi," nikasema.
"Ya kituo gani?"
Jikoni maji ya Kasyoka yalikuwa yakichemka.
Galina alikuwa akihesabu noti upya, kwa mara ya tatu.
"Haisomeki," nikamwambia.
"Lakini imetobolewa. Ilitumika."