Msimu wa Kuamia Ndege

Darasa la nne, Ahero. Mia moja na watatu.
Nimeiandika kwa penseli,
kwani kesho huenda ikawa mia na saba.

Jumanne alikuja afisa wa elimu na fomu yake.
Akajumlisha watoto wa shule nzima,
akajumlisha walimu:
na mwalimu mkuu, ambaye makao yake ni mikutanoni,
na Bi. Agutu, aliye nyumbani ananyonyesha,
na Bwana Nyangweso, aliyestaafu Desemba
ila jina lake halijastaafu.
Akagawanya. Akatabasamu.
"Hamsini na mmoja kwa mwalimu mmoja. Si haba."

Nikamfikiria huyo mmoja.
Hubeba madaftari kwa gunia la mbolea,
husahihisha hadi taa iishiwe chaji,
na tiki yake siku hizi imekatika mkia,
imebaki kijistari, kama unyasi.

Wanakaa watano kwenye dawati la watatu.
Anayetaka kuandika
hukiomba ruhusa kiwiko cha mwenzake.
Wa nyuma hunijua kwa sauti.
Mimi huwajua kwa visogo, wakitoka.

Kisha mpunga ukaingia maziwa,
kweleakwelea wakashuka
kama moshi uliobadili nia,
na wazazi wakawaita watoto mashambani
na makopo, na makombeo.
Asubuhi ile niliita majina. Arobaini na wanne.

Mungu anisamehe,
ndiyo wiki niliyofundisha.

Nilifika dawati la mwisho.
Kumbe kuna ukuta pale, una ubaridi.
Nikainama, nikamwona Apondi
anaandika tisa kinyume,
tumbo limetazama kulia,
na ndivyo alivyoiandika tangu Januari.
Nikamshika mkono, tukaizungusha pamoja mara tatu.
Ya nne, akausukuma mkono wangu.

Dirishani ziliingia sauti kutoka mpungani:
makopo, na "Haa! Haa!"
zile zile ninazozinyamazisha kila siku
kwa kugonga ubao.

Mpunga utavunwa. Ndege watakwenda zao.
Watoto watarudi na matope vifundoni,
nami nitawahesabu mlangoni nikifurahi,
kweli nitafurahi,
na ule ukuta utakuwa mbali tena.

Obura bado yuko shambani, anaamia.
Sijui yeye
tisa huiandika vipi.