Mama Shuka

Mwakio alimwaga jiwe kutoka juu,
kijiko cha katapila kikiwa sawa na paa la kibanda cha mlinzi.
Sikusikia "ko" ya jiwe kwa jiwe.
Nilisikia "pwa", kama kofi la mgongoni.
Nikapiga filimbi.

Kazi yangu hapa ukutani, Tudor, ni kuchunga kitambaa.
Wananiita Mama Shuka,
nami huwaambia mawe vivyo hivyo: shuka. Usianguke.
Marobota niliyalaza juu ya mbao, nikayafunika turubai,
maana jua la Mombasa hula uzi kimyakimya,
kesho unauvuta, unakatika kama tambi.
Viatu vya njumu, marufuku. Sigara, kavute barabarani.
Kokoto ndogo kwanza, ndiyo godoro,
na mtoto mchanga humtupi kitandani
eti kwa kuwa kuna godoro.

"Ondoa," nikamwambia Mwakio.
"Mawe kumi na moja?"
"Na kokoto."
Bwana Shallo, msimamizi, akatazama saa, akatazama maji.
Bamvua lilikuwa linajaa.
"Tundu lenyewe ataliona nani, Mbeyu?"

Nikamuuliza kama amewahi kula wali
wa tui la kifumbu kilichotoboka.
Akacheka, ulimi ukitafuta machicha ya zamani menoni.
Basi hiki nacho ni kifumbu:
maji yaende, yarudi, mchanga ubaki nyuma ya ukuta.
Kitoboe upana wa kidole,
bahari itachota kwa kijiko cha chai,
kujaa na kupwa, kupwa na kujaa,
hata siku moja ukuta umesimama, umepakwa chokaa, mzuri,
na nyuma yake barabara ni ganda la yai.

Chini ya jiwe la tisa tukalipata.
Dogo. Kete ya bao ingepita.
Nikakata kiraka kikubwa, mara nyingi ya tundu,
nikakishona kwa sindano ya magunia,
mshono wa Kongowea, wa miaka yangu ya viazi.
Mwakio akashuka, akanishikia pembe bila kuambiwa.
Maji yalikuwa yameshafika vifundoni.

Kanga ina jina, husomwa mgongoni pa mvaaji.
Hiki hakikuandikwa kitu,
na kabla ya adhuhuri hakuna jicho litakalokiona tena.

Jiwe la kwanza lilirudi taratibu,
likagusa kokoto.
Nilitega sikio.
Sikusikia kitu.