Feni ya Ghalya

Saa saba mchana, Falaj al-Qabail,
kipimo cha ukutani kimegonga arubaini na saba
na Salha amelala.
Ametoka zamu ya usiku hospitali,
amefunga mlango, pazia, na macho,
na ole wake atakayeangusha kijiko.

Sebuleni, mashine ya gemu ya Ghalya inavuma.
Kiwanda kiliipa feni yenye akili moja:
ama bubu, ama kelele.
Hukaa kimya hadi moto ufike kooni,
kisha huzinduka kwa ghadhabu
kama mtu aliyesinzia kwenye hotuba akaguswa bega.
"Baba, mama ataamka."
"Basi zima."
"Niko nafasi ya tatu, Baba."

Miaka thelathini nimetuliza joto la nyumba za watu,
nimepanda mapaa ya Saham na Liwa,
koleo kiunoni, mtungi wa gesi begani.
Nishindwe na feni ya upana wa kiganja?

Kwa Biju, nyuma ya kituo cha petroli,
nilinunua kibao cha saketi, urefu wa kidole gumba,
transista mbili (moja ya kuunguza,
maana najijua),
kihisi joto chenye kichwa kama punje ya mtama.
Riali tatu na baisa mia nne.
Biju akauliza: za kiyoyozi gani?
Kidogo, nikasema. Cha mtoto.

Ya kwanza iliungua, kama nilivyopanga.
Moshi mwembamba, harufu ya ukucha uliochomwa.
Ghalya akafungua dirisha,
joto likaingia kututazama.

Ya pili ikakubali.
Umeme tunaukata vipande, nilimweleza:
washa, zima, washa, zima,
upesi kuliko kope.
Ukipimiwa nusu kibaba, unakwenda nusu mwendo.
Tukaandika jedwali, yeye kwa penseli, mimi kwa mdomo:
digrii arubaini, robo;
hamsini, nusu;
sitini na tano, toa chote ulichonacho.
"Na sabini?"
"Sabini tunazima, tunakula tikiti maji."

Lakini robo haikutosha.
Mwenda pole hajikwai, walisema wahenga;
feni hawakuiona.
Ilitetemeka, ikasita, haikuzunguka.
Ghalya akaisukuma kwa ncha ya penseli
nayo ikaenda, ikaendelea kwenda.
Basi tukaongeza mstari mmoja kwenye programu:
kila uamkapo, pokea kwanza nguvu zote,
mpepeso mmoja wa jicho, kisha tulia.
Mstari huo tukauita Teke.
(Nilizifikiria asubuhi zangu
tangu kampuni iniage. Sikusema.)

Nikakaza skrubu. Kimya. Nikajisifu.
"Inalia," akasema.
"Nini?"
"Hiyo. Kama mbu. Mbu wa chuma."
Nikatega sikio, nikazuia pumzi.
Jokofu. Pazia. Damu yangu mwenyewe.
Paka naye yuko chini ya kochi,
masikio nyuma,
shahidi wa pili.

Nina miaka hamsini na mbili
na sikujua kuna chumba cha sauti
kilichofungwa nyuma yangu.
Lini? Nani kageuza ufunguo?
Labda kompresa za Saham,
labda hesabu tu.

"Nipandishe?"
"Pandisha."
Mapigo elfu kumi na tatu kwa sekunde. "Bado."
Kumi na sita. "Bado, ila amekonda."
Mimi ndiye mkono, yeye ndiye sikio.
Kumi na nane. Akafumba macho. Paka akatoa pua.
Elfu ishirini na tano.
"Amekwenda."
Amekwenda, nikaitikia,
kama mtu anayefunga
kwa mwezi ulioonwa na wengine.

Saa kumi Salha akatoka, shavuni alama za mto,
akatukuta sakafuni kati ya nyaya.
"Mbona kimya hivi?
Mmevunja nini?"